Mbu wako wanazaliwa kwenye mabomba yako

Mimi ni fundi bomba. Watu huniita kwa ajili ya koki inayovuja, sinki lililoziba, tangi lisilojaa. Lakini nikishapanda ngazi au nikishachutama kwenye chemba, mara nyingi nakutana na jambo ambalo mwenye nyumba hakuniitia: viluwiluwi vya mbu, vimejaa, vinapanda na kushuka, vimebakiza siku mbili tatu kuota mbawa. Nikishuka huwa namwambia mwenyeji kwamba mbu wanaomnyima usingizi anawafuga mwenyewe. Wengi hucheka. Mzee mmoja hakucheka hata kidogo. Alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Mwanangu, nimekuita uzibue sinki, sijakuita uje kunihesabia mbu."

"Sawa, mzee wangu," nikamjibu, nikazibua sinki. Nilipokuwa nafunga mkoba akaniuliza, "Hao wadudu wenyewe wako wapi hasa?"

Haya ni majibu niliyompa, pamoja na mengine ambayo siku ile hayakupata nafasi.

Mbu anakaa ndani ya maji tangu yai mpaka anapoota mbawa, na pakiwa na joto hatua zote hizo humalizika kwa siku 7 hadi 10 hivi. Muda huo wote hana pa kukimbilia. Akisharuka, utamfukuza na ndala chumba kizima na bado atakung'ata mguuni. Ndiyo maana siwezi kumsifu mtu anayenyunyiza dawa kila jioni huku ndoo yenye maji ya mvua imekaa nyuma ya jiko. Ukiyavuruga maji yote ya nyumbani mara moja kwa wiki, kizazi kipya hakipati muda wa kukomaa. Nasema wiki. Ukingoja mwezi, umewapa nafasi ya kukomaa na kutaga tena.

Tuanze juu, kwenye tangi, kwa sababu huko macho ya watu hayafiki. Tangi lina mfuniko, basi mwenye nyumba anaamini limefungwa. Lakini ubavuni, karibu na juu, kuna bomba la kutolea maji yakizidi. Mdomo wake uko wazi, unaingiza vidole viwili au vitatu, na mbu jike mwenye mayai hahitaji hata robo ya upana huo. Akiingia anakuta giza, maji yaliyotulia, hakuna upepo wala samaki wa kula watoto wake.

Usilizibe bomba hilo kwa kitambaa wala kizibo. Siku boya likikataa kufunga, maji yatatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa dari yako. Chukua wavu wa dirishani, ule wa plastiki usioshika kutu, ukate kipande cha ukubwa wa kiganja. Uvike mdomo wa bomba, uuvute pande zote mpaka usiwe na mikunjo, kisha ufunge kwa klipu ya mpira wa maji. Kama huna klipu, kata ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, upana wa kidole, uzungushe mara tatu huku ukiuvuta kwa nguvu, ncha uichomeke chini ya mzunguko wa mwisho. Tabaka moja la wavu linatosha. Ukiweka matatu unatengeneza chujio la takataka, na siku maji yakizidi hayatapita. Jua litaila hiyo tyubu polepole, kwa hiyo kila unapopanda juu iguse. Ikianza kupasuka nyufa, badilisha.

Halafu kuna mfuniko wenyewe. Mifuniko ya plastiki hupindishwa na jua, na tundu la kupitishia bomba la kujazia maji mara nyingi limetobolewa kubwa kuliko bomba. Njia yangu ya kujua ni hii: giza likiingia, washa tochi, ifunge kwa kamba uining'inize ndani ya tangi bila kugusa maji, funga mfuniko, kisha zunguka nje. Mwanga ukipenya mahali, mbu naye hupita hapo. Ziba kwa silikoni au kwa kipande cha raba. Kazi ya dakika chache tu, ila ngazi iwe na mtu wa kuishika, tafadhali.

Sasa tuseme unataka kuhakikisha kama wamo. Tafuta kikombe cheupe. Wanaofanya utafiti wa mbu wana kata zao nyeupe zenye mpini mrefu. Mimi nimefunga kikombe kwenye kipande cha bomba chembamba na kinanitosha. Sogea taratibu, na angalia kivuli chako kisiangukie maji, maana kikipita tu viluwiluwi huzama vyote kwa pamoja na utadhani maji ni safi. Subiri kidogo. Lazima virudi juu kuvuta hewa. Chota ukingoni, kisha chungulia. Vinavyoning'inia kichwa chini, mkia juu, ni vya jamii ya Kuleksi au Aedesi, ambao hupumua kwa mrija ulio mwishoni mwa mwili. Vinavyolala bapa juu kabisa ya maji, kama vijiti, ni vya Anofelesi, anayebeba malaria. Ukiona vyenye umbo la alama ya mkato, vichwa vikubwa na mwili uliojikunja, hivyo havili tena chochote, vinangoja kupasuka na kuruka. Mwaga leo leo.

Kwenye gata shida ni mteremko. Gata linapaswa kushuka kidogo kuelekea kwenye bomba la kuteremshia maji. Sentimita moja kwa kila mita tatu inatosha. Baada ya miaka michache kibano kimoja hulegea, gata linabonyea katikati, na pale kwenye tumbo maji hubaki yakichanganyika na majani yanayooza. Mwagia kikombe cha maji upande wa juu uyaangalie yanavyokwenda. Yakisimama, inua kibano cha hapo. Kuondoa majani bila kunyanyua gata ni kazi bure, utarudi huko kila mvua.

Chini ya nyumba ndiko waliko Kuleksi. Huyu ndiye mbu wa kuimba sikioni usiku, na anapenda maji machafu: mashimo ya maji taka, chemba zenye mifuniko iliyomeguka, mtaro usiotiririka. Bomba la kupumulia la shimo la maji taka, lile refu linalopanda ukutani, livishwe wavu kileleni kama nilivyoeleza kwenye tangi. Mifuniko ya chemba ikipasuka usiiwekee jiwe juu ukadhani umemaliza. Piga udongo wa saruji kwenye ufa, au mwaga mpya. Bafuni, ile njia ya maji sakafuni ambayo hamuitumii hubaki na maji kwenye kipinda chake, na kipinda hicho hakitakiwi kukauka kwa sababu ndicho kinachozuia harufu. Mimina ndoo nzima ya maji kwa nguvu mara moja kwa wiki ili yaliyokaa yasukumwe, kisha funika kwa kisahani au wavu. Choo cha wageni kisichotumika nacho kivutiwe maji kila wiki, mfuniko ukae umefungwa, na usisahau kuchungulia ndani ya tangi lake dogo la maji kule nyuma.

Kwa choo cha shimo chenye maji kuna ufundi mmoja ninaoupenda sana kwa sababu hauna sumu yoyote. Ni zile chembe nyeupe nyepesi za polistirini, zinazofanana na zile za kukinga vyombo visivunjike ndani ya maboksi. Zikielea na kufunika maji yote kwa tabaka la sentimita moja au mbili, mbu hawezi kutaga na kiluwiluwi hakipati hewa. Huko Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walizimimina kwenye vyoo vya namna hiyo huku wakazi wakipewa dawa ya matende, na Kuleksi wakapungua kwa kiasi kikubwa. Haziozi, kwa hiyo hudumu miaka. Lakini nakuomba kama fundi: usizitie kwenye chemba au kwenye tangi la maji taka lenye bomba la kutokea. Zitasafiri, zitaziba mahali, utaniita.

Nimezungumza muda mrefu kuhusu mabomba, na Aedesi ananisubiri. Huyu ni mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeng'ata mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama, na ndiye anayebeba dengue, chikungunya na homa ya manjano. Hahitaji chemba wala tangi. Kizibo cha chupa kikishika maji siku kadhaa kinamtosha. Tairi, sahani za chini ya vyungu vya maua, mikunjo ya turubai, chombo cha maji cha kuku au mbwa, trei ya nyuma ya jokofu, makwapa ya majani yanayoshika maji, vipande vya chupa vilivyopachikwa juu ya ukuta: vyote ni nyumba yake. Hivyo vya ukutani jaza mchanga na saruji. Kisiki cha mwanzi au tundu la mti nalo jaza mchanga.

Ujanja wake uko kwenye mayai. Hayatagi juu ya maji. Anayabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja mvua. Kwa hiyo mtu anayemwaga maji ya pipa na kulijaza tena amewasaidia tu kuoga. Inabidi ulisugue. Chukua brashi ngumu, anza pale palipo na mstari wa uchafu unaoonyesha maji yalipofikia, sugua mzunguko mzima kwenda juu na chini kwa upana wa kiganja, kisha suuza na umwage mahali pakavu, si kwenye mtaro. Mayai ni madogo mno, meusi, na ukiyatazama haraka utasema ni vumbi la masizi.

Aedesi pia si msafiri. Kwa kawaida haendi mbali zaidi ya mita mia moja au mbili kutoka alikozaliwa. Maana yake ni kwamba anayekung'ata saa nne asubuhi ametoka kwako, au kwa jirani. Hapo panahitaji ulimi laini. Mimi siendi na lawama, naenda na ndoo na brashi, na kusema, "Jirani, nasafisha kwangu, naomba nikusaidie na hili tairi." Sijawahi kufukuzwa.

Kazi hii ya kuzunguka nyumba si mpya. Carlos Finlay, daktari wa Cuba, alieleza mwaka 1881 kwamba homa ya manjano huletwa na mbu, na kwa miaka karibu 20 watu hawakumjali. Mwaka 1901 William Gorgas, daktari wa jeshi la Marekani, aliwatuma watu wake Havana nyumba kwa nyumba, wakifunika mapipa na kumwaga maji yaliyotuama, na homa hiyo ikaondoka mjini. Akafanya hivyo hivyo Panama wakati wa kuchimba mfereji. Kufikia mwaka 1906 homa ya manjano ilikuwa imetoweka huko. Mwenye maji yenye viluwiluwi alipigwa faini. Hapo namuonea Gorgas wivu kidogo.

Kuna maji usiyoweza kuyamwaga. Bwawa la maua, shimo la ujenzi lililojaa mvua, pipa la kumwagilia bustani. Hapo tafuta Bti, bakteria aliyegunduliwa mwaka 1976, anayeuzwa kama vidonge au punje za kutupa majini. Kiluwiluwi kikila, tumbo lake huharibika na kinakufa. Watu, samaki, ndege na nyuki hawadhuriki. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, na kumbuka vile viluwiluwi vyenye umbo la alama ya mkato havili, kwa hiyo havifi. Kwa pipa dogo la bustani matone machache ya sabuni ya maji huvunja ule utando wa juu wa maji ambao mbu huusimamia na kiluwiluwi hujishikiza, ila yakichanganyika na mvua nguvu huisha haraka. Mafuta ya taa na oili chafu wazee walivitumia sana. Mimi sitii. Vinaharibu udongo na kisima, na sitaki kuvinusa kwenye maji ya mboga. Samaki wanaokula viluwiluwi vya mbu wanafaa kwenye bwawa lililofungwa pande zote. Usiwaachie mtoni, kwa sababu aina moja iliyosambazwa sana duniani, gambusia, imewamaliza samaki wa asili mahali pengi.

Mitego nayo ina ubishi wake. Ule wa chupa iliyokatwa, yenye sukari na hamira, unasambazwa sana kwenye simu. Nadharia yake ni ya kweli, mbu hufuata hewa ya kaboni tunayoitoa puani. Ila hamira kwenye chupa haitoi hewa kama mtu mzima aliyelala pembeni, na mbu si mjinga: kati ya chupa na wewe atakuchagua wewe. Ninaouamini ni ndoo nyeusi. Weka maji nusu na majani makavu yaliyoloweka siku chache, yaanze kunuka, uiweke kivulini mbali na mlango, na utie Bti ndani. Jike mwenye mayai huvutwa na rangi na harufu ile, anataga, na watoto wanafia humo. Ukiwa msahaulifu usiuweke kabisa. Ndoo hiyo bila Bti, ikipita wiki, ni wodi ya wazazi.

Mtego mwingine ni feni. Mbu anaruka taratibu mno, hata upepo mdogo unamshinda. Feni ya mezani ikielekezwa miguuni inamfukuza, na pia inatawanya harufu anayoifuata. Ukifunga wavu mwembamba upande wa nyuma, unaovuta hewa, anayepita karibu ananaswa kwenye wavu na kubanwa na upepo mpaka anakauka. Kwa nini miguuni? Mtafiti Bart Knols na mwenzake walionyesha kwamba Anofelesi wa gambiae huvutwa na jibini ya Limburger, ambayo harufu yake hutoka kwa bakteria walio ndugu wa wale wa kwenye vidole vyetu. Walipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2006, lakini jambo lenyewe ni la kweli. Oga, vaa soksi.

Vifaa vya kutoa mlio wa kufukuza mbu, vile vya kuchomeka ukutani, hela imepotea. Mwaka 2007 majaribio 10 ya nje ya maabara yalikusanywa pamoja na hakuna hata moja lililoonyesha vinapunguza kung'atwa. Taa za rangi ya buluu zinazounguza wadudu? Huko Delaware, Marekani, wadudu 13,789 walioungua katika uchunguzi mmoja walihesabiwa na wang'ataji walikuwa 31 tu. Umeua nondo na mbawakawa wasio na kosa. Mchaichai uliopandwa kwenye chungu hausaidii ukikaa tu. Mafuta yake ndani ya jani yanapaswa kutoka, na hata ukijipaka hukauka ndani ya muda mfupi. Dawa ya kupaka yenye DEET au ikaridini hudumu saa nyingi, basi wakati wa kukaa nje jioni paka hiyo. Na ule udi wa mbu wa mzunguko: watafiti walipima kwamba mmoja ukiungua wote hutoa chembe laini za moshi sawa na sigara kati ya 75 na 137. Usiwashe kwenye chumba kilichofungwa alikolala mtoto.

Baada ya maji, ziba nyumba. Anofelesi akigonga ukuta hupanda juu, na anaingilia pale paa linapokutana na ukuta. Watu huweka wavu mzuri dirishani na kuacha uwazi wa mkono mzima chini ya bati. Kaza wavu hapo kwa vipande vya mbao na misumari midogo, au weka dari. Mlango ukiacha nafasi chini, gongomelea ukanda wa raba uguse sakafu. Chandarua kiingizwe chini ya godoro pande zote, na tundu likitokea lishonwe siku hiyo hiyo. Uzi na sindano vinatosha, usikifunge fundo maana fundo hufungua tundu jingine pembeni.

Ukishafanya haya yote usilalamike usiku wa kwanza. Mbu walioruka tayari wanaweza kuishi wiki mbili au zaidi, na hao wataendelea kukung'ata. Ngoja wafe, kisha rudi na tochi na kikombe cheupe. Bado unang'atwa mchana? Tafuta chombo kidogo karibu sana, na anza na vile ulivyovipita kwa sababu ulidhani havina maji. Bado wanaimba sikioni saa sita usiku, shuka kwenye chemba. Na kama kila kitu ni kikavu na bado wapo wengi, panda ngazi ukaangalie ule wavu wa bomba la tangi. Upepo huuvua.